Sauti ya Nyuma ya Kamera

Mtaa mzima ulimwita Sogea Kidogo, kwa sababu ndiyo maneno aliyowaambia watu tangu siku ya kwanza aliposhika kamera. Sogea kidogo, bwana harusi. Sogea kidogo, mama, unaziba keki. Aliwasogeza wakwe, aliwasogeza wazee wenye mikongojo, na siku moja alimsogeza bibi harusi mwenyewe mpaka akakanyaga pindo la gauni lake na kukaa chini bila kupenda. Hakuna aliyemkasirikia. Alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, na mdomo huo, kuliko kamera, ndio uliomjengea nyumba ya vyumba vitatu na chumba cha mbele cha kupigia picha za vitambulisho.

Jambo moja tu hakuwahi kumwambia mtu. Hakujua kuhariri. Kwa miaka ishirini kanda zake zilikatwa na kuunganishwa na fundi mmoja wa upande wa pili wa mji, mtu mkimya, ambaye alitia muziki, akaandika majina ya maharusi kwa herufi za dhahabu zinazozunguka, kisha akamrudishia diski zikiwa tayari. Juu ya kasha Sogea Kidogo alibandika jina lake: picha, uhariri na kila kitu. Fundi yule hakujali. Alikuja kuhama kwenda kuishi na wanawe, akaondoka na ujuzi wake kichwani, na kwa kuwa siku hizo kila mtu alikuwa ameanza kujirekodi kwa simu, pengo lake halikuonekana haraka.

Lilionekana Jumatatu moja asubuhi, Mwalimu alipoingia studio.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkuu wa shule ya msingi ya pale karibu, mtu wa kukaa wima hata kwenye stuli. Sogea Kidogo ndiye aliyepiga video ya harusi yake, miaka kumi na saba nyuma.

"Kaka, kanda za harusi yangu bado unazo? Zile zenyewe, si diski."

"Mimi situpi kitu, Mwalimu." Hilo lilikuwa kweli. Kanda zote zilikuwa rafuni kwenye maboksi ya viatu, kila moja na tarehe yake kwa kalamu ya buluu.

"Basi nisikilize. Unajua baba alianguka bafuni mwaka jana. Upande wa kulia umelala, na ulimi umekwenda nao. Anaelewa kila kitu, anacheka, anakasirika, ila neno hatoi. Sasa kwenye diski uliyotupatia, mliweka wimbo juu ya hotuba yake. Dakika kumi na moja baba anafungua na kufunga mdomo kama samaki, na mtu mwingine anaimba. Nataka hotuba ile na sauti yake. Hatuna sauti yake mahali pengine popote."

Sogea Kidogo aliitikia kwa kichwa, kama daktari.

Halafu Mwalimu akaeleza la pili. Simu ilimteleza mzee mkononi, lakini rimoti ya deki aliiweza. Kidole gumba cha kushoto kilijua mishale minne na kitufe cha katikati. Kwa hiyo binti yake alitaka diski yenye menyu: picha kubwa tano, zisizo na maandishi madogo, baba achague mwenyewe bila kumwita mtu. Hotuba. Marehemu mama. Wajukuu. Siku aliyostaafu. Nyumba ilipokuwa inajengwa. Vipande vingine alivileta kwenye flashi, vimepigwa na ndugu mbalimbali, vingine vimelala ubavu, na mzee haongei katika hata kimoja.

"Jumapili anatimiza themanini. Tutakuwa wote nyumbani, na wewe utakuja utupige picha. Hii ya menyu unaiweza?"

"Hilo ni dogo," alisema Sogea Kidogo. Hata ungemwomba apige video ya ndani ya birika, angekujibu hivyohivyo.

Siku ile na siku iliyofuata alipambana na kompyuta. Alipakua programu ambayo nusu yake ilikuwa matangazo. Akatengeneza menyu, na ilipendeza kuiangalia. Shida ilikuwa kuibonyeza. Ukichagua hotuba, unafunguliwa nyumba ikijengwa. Ukibonyeza mshale wa chini, unarukia juu kulia. Kitufe cha wajukuu kilikaa peke yake pembeni kama mgeni asiyekaribishwa, na hakuna mshale uliofika huko. Alichoma diski nne, zote akazitundika dirishani kufukuzia ndege.

Jumatano asubuhi alitia kanda na flashi kwenye mfuko wa nailoni akaenda kwa mtu ambaye angependa kumwendea wa mwisho duniani. Shemeji yake.

Huyu alikuwa mdogo wa mkewe. Alipokuwa msichana alimshikia Sogea Kidogo taa kwenye sherehe kwa miaka miwili, na siku alipoomba afundishwe mashine, aliambiwa mbele ya watu kwamba mikono yake ni ya kushika taa, mashine awaachie wenyewe. Aliweka taa chini, akaenda kujifunza mahali pengine. Sasa alikuwa na duka lake la kuchapa barua, kutoa kopi, kusafisha picha za zamani na kuhamisha kanda, na foleni yake asubuhi ilifika mlangoni.

"Karibu, shemeji," alisema bila kuinua macho kwenye mashine ya kopi. "Umepotea njia au dada amekufukuza?"

"Nimekuja kukusalimia tu."

"Na mfuko wa kanda. Kwenu mnasalimiana hivyo."

Alimweleza, akizungukazunguka. Kazi zimembana. Kompyuta yake ina virusi. Macho nayo, umri huu. Shemeji alimwacha azunguke mpaka achoke.

"Kwa ufupi, hujui kutengeneza menyu."

"Menyu ninajua. Ila vitufe havisikii."

"Vitufe vinasikia, shemeji. Kila kitufe unakiambia mshale huu unakupeleka wapi. Hukuviambia, ndiyo maana kila kimoja kimejiendea." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Haya. Nitafanya. Sitaki kitu chako. Nataka jina langu liandikwe. Uhariri na menyu, fulani binti fulani. Kwenye kasha na mwisho wa diski."

Sogea Kidogo alikuna kidevu. Hapo ndipo alipokuwa nyumbani, kwenye kuvutana. "Mwisho wa diski sawa. Kwenye kasha hapana nafasi."

"Punguza jina lako, nafasi itapatikana."

"Herufi ndogo basi."

"Sawa na zako."

"Ndogo kidogo tu kuliko zangu, shemeji. Watu watauliza maswali."

"Sawa na zako, au chukua mfuko wako ukaongee na vitufe."

Alikubali. Alijiambia kwamba yule Mwalimu hana muda wa kusoma makasha.

Kanda haikimbizwi. Ya saa moja inahamia kwenye kompyuta kwa saa moja, ukiikodolea macho. Sogea Kidogo alivuta stuli nyuma ya shemeji yake, na harusi ikaanza kupita kwenye skrini. Alijipongeza moyoni. Picha zilikuwa zimetulia, rangi bado mbichi. Shemeji alikuwa amevaa hedifoni, anahudumia wateja kwa mkono mmoja. Baba yake Mwalimu aliposimama na kushika maikrofoni, shemeji alisikiliza kidogo, akakunja uso. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akachomoa waya wa hedifoni, na sauti ikatoka kwenye spika, duka zima likasikia.

Mbali, kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta, mzee alikuwa akisema: "Binti yangu huyu alipokuwa na miaka sita alinipotea sokoni."

Na karibu, karibu kabisa, kama mtu aliyekuwekea mdomo sikioni, sauti nyingine ilikuwa ikiongea kwenye simu: "Haloo. Ndiye mimi. Hapana, ongea tu, sina kazi ya maana hapa. Harusi ya watu wa kawaida, wala haina mambo. Kuna mzee kashika maikrofoni hataki kuiachia."

Waliokuwa kwenye foleni waligeuka.

"Nilimtafuta saa nzima," alisema mzee. "Nilipompata hakuwa analia."

"Huyu hamalizi leo," ilisema sauti ya karibu, ikicheka. "Akimaliza leo mimi nibadilishe jina. Haya, Jumamosi ijayo nipo, tuongee."

Kilichofanyika miaka ile mpiga kamera yeyote angekielewa. Maikrofoni ya kamera imekaa shubiri moja kutoka mdomo wa anayeishika. Wenzake wenye adabu ya kazi walivuta waya kutoka kwenye mashine ya spika, sauti ya ukumbi ikaingia safi. Sogea Kidogo aliona waya ni usumbufu. Juu ya yote utapita muziki, alikuwa akisema, nani atasikia? Basi kwa miaka ishirini alisema alichotaka nyuma ya kamera, na fundi mkimya wa upande wa pili wa mji akamfunikia. Leo ndipo ilipomjia kwamba mtu yule alikuwa amesikia yote, harusi baada ya harusi, na hakuwahi kufungua mdomo.

"Aliniambia," mzee aliendelea, "baba, ulipotelea wapi, nimekutafuta." Ukumbi wa kwenye kanda ulicheka. "Sasa leo nampeleka kwa mwenzake, na ninamwomba, tukipotezana tena, anitafute vilevile." Kisha akaangalia moja kwa moja kwenye kamera, yaani moja kwa moja kwa Sogea Kidogo aliyekaa kwenye stuli. "Na jamani, kijana wetu wa picha amesimama tangu asubuhi. Mpeni kiti. Mpeni na maji."

Juu ya maneno hayo, sauti ya karibu ilikuwa ikimwambia mtu wa simu: "Hawa? Hata maji hawajanipa."

Mama mmoja aliyesubiri barua yake ichapwe alitikisa kichwa. "Huyu anayeropoka ni nani? Mbona hana adabu?"

 Shemeji alirudisha waya wa hedifoni mahali pake, taratibu. Sogea Kidogo aliinuka akaenda kusoma bei za kopi zilizobandikwa ukutani, rangi na nyeusi, upande mmoja na pande mbili, akazisoma zote mpaka chini. Alihisi masikio yanamchoma kama ya mtoto aliyevutwa na mwalimu. Alikikumbuka kiti kile. Kilikuja, na maji yalikuja, akayanywa.

Foleni ilipopungua, alirudi akainama. "Shemeji. Huwezi kuitoa ile sauti nyingine?"

"Unapoongea peke yako nitakukata. Mnapoongea pamoja, mko pamoja. Ni maikrofoni moja, shemeji. Nikikupunguza wewe, nampunguza na yeye."

"Basi weka muziki. Pale tu. Kidogo."

"Pale tu ni karibu hotuba yote. Uliongea dakika tisa." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Diski ni yako. Ukitaka muziki nitaweka muziki. Ila jina langu toa. Toa kwenye kasha, toa na mwishoni."

Mtu aliyekuwa amepigania herufi ndogo asubuhi ile angefurahi. Sogea Kidogo alisema, "Nipe siku moja," akaondoka bila mfuko wake.

Alhamisi jioni, shule ilipotoka, alikwenda nyumbani kwa mzee. Njiani alikuwa ametengeneza maneno yake vizuri, kama anavyotengeneza maneno ya kumshawishi mteja.

Aliwakuta sebuleni. Mzee alikuwa kwenye kiti chenye mito, blanketi magotini, rimoti mkono wa kushoto. Mbele ya televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa, Mwalimu alikuwa ameshikilia kadibodi aliyoichora miraba mitano kwa kalamu nene. "Chini, baba. Sasa kulia. Umefika kwa mama. Bonyeza." Mzee alibonyeza rimoti ikielekea kadibodi, na Mwalimu akageuza mraba, nyuma yake alikuwa amebandika picha ya marehemu mama. Mzee alicheka bila sauti. Alipomwona Sogea Kidogo, aliinua rimoti kama anayemsalimu.

"Tunafanya mazoezi," alisema Mwalimu. "Hotuba nimeiweka ya kwanza, juu kushoto. Asihangaike kuitafuta."

"Mwalimu, nilikuja kuhusu hiyo hotuba." Alishusha sauti. "Kanda imekula ukungu. Picha ipo, sauti ndiyo imeharibika. Nimejaribu kila njia."

Mwalimu aliweka kadibodi mezani. Alinyoosha kona yake iliyokuwa imekunjika. Sogea Kidogo alisubiri lawama. Kwa lawama alikuwa na majibu matatu tayari.

"Basi, kaka," alisema. "Usijisikie vibaya. Wengine wangekuwa wameshazitupa zamani. Wewe umetutunzia miaka yote hii." Akamgeukia baba yake, akapaza sauti kidogo. "Baba, unamkumbuka? Ndiye aliyetupiga picha. Ulimwagizia kiti."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alimkumbuka.

Majibu matatu ya Sogea Kidogo hayakumfaa kitu. Aliaga vibaya, akajigonga kwenye mlango. Maisha yake yote alikuwa akisema uongo wa biashara, ule wa kesho iko tayari, ule wa mashine imekwenda kwa fundi, na haukuwahi kumkosesha hamu ya kula. Huu ulimkaa kooni. Hakupelekwa dukani kwa shemeji na wema peke yake. Aliona pia kwamba shemeji anajua, na foleni ya Jumatano ilisikia, na mtaa ule haufichi kitu zaidi ya wiki mbili. Lakini hesabu hiyo aliifanya baadaye, akiwa ameshafika.

"Acha sauti ibaki," alimwambia shemeji yake. "Nikate nilipo peke yangu. Kwingine niache."

"Na jina langu?"

"Sawa na langu."

Shemeji alivaa hedifoni yake. "Kaa hapo basi, nikuonyeshe mishale."

Jumamosi, saa nane mchana, alipeleka diski mwenyewe. Aliitia kwenye deki mwenyewe. Menyu ikatokea, picha tano kubwa, na mwanga mweupe ukizunguka ile ya juu kushoto. Kabla mzee hajabonyeza, Sogea Kidogo alisimama kati ya kiti na televisheni.

"Mwalimu, juzi nilikudanganya. Sauti ipo. Kuna sauti yangu pia. Utasikia."

"Yako ya nini?"

"Utasikia."

"Basi sogea," alisema Mwalimu. "Unamziba baba."

Alisogea mpaka mlangoni, akasimama hapo. Sauti ya mzee ikajaa sebuleni, ya mbali lakini yake kabisa, nene, yenye mikwaruzo. Mwalimu aliweka mkono mdomoni. Kisha ikaja ile nyingine. Watu wa kawaida. Kashika maikrofoni. Huyu hamalizi leo. Sogea Kidogo aliangalia ncha za viatu vyake. Alijisikia mle kwenye televisheni akicheka, kijana wa miaka arobaini mwenye sauti ya kujiamini, na angetoa chochote kile afike pale amzibe mdomo. Hata maji hawajanipa.

Hotuba ilikwisha, menyu ikarudi. Mwalimu alifuta macho kwa kiganja, kisha akageuka, na uso wake ulikuwa ule wa ofisini.

"Kwa hiyo Alhamisi ulikuwa tayari nisimsikie baba, ili nisikusikie wewe."

"Ndiyo."

"Na mimi nikakushukuru."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Jumapili usije. Tutajipiga kwa simu." Akachukua kasha, akalisoma mbele na nyuma. "Huyu aliyehariri ni nani?"

"Ni shemeji yangu. Kazi yote ni yake."

"Nitampelekea kanda za shule."

Hapo ndipo waliposikia kitu. Mzee alikuwa amebonyeza tena kitufe cha kwanza, peke yake, na kwenye televisheni sauti ya karibu ilikuwa imefika kwenye huyu hamalizi leo. Mabega ya mzee yalikuwa yakitikisika. Kooni mwake kulitoka mlio mkavu, wa kukatikakatika, ambao Mwalimu alikuwa hajausikia tangu baba aanguke. Alikuwa anacheka. Alirudisha tena, kwa kidole gumba, kwa uhodari wa mtu aliyefanya mazoezi kwenye kadibodi, akacheka mahali palepale. Mwalimu alimwangalia baba yake, akamwangalia Sogea Kidogo, na hakucheka. Alimfungulia mlango.

Jumapili ndugu wote walikaa mbele ya televisheni ile, na kwa kuwa rimoti ilikuwa mkononi mwa mwenye siku yake, kitufe cha kwanza kilibonyezwa mara kumi na nne. Wajukuu waliishika hotuba yote, pande zote mbili. Mmoja anakuwa babu, mwingine anaweka kiatu sikioni anakuwa mtu wa simu.

Tangu hapo Sogea Kidogo akipita njia ile huzisikia sauti zao juu ya ukuta: huyu hamalizi leo, akimaliza leo mimi nibadilishe jina. Siku za mwanzo alizunguka na barabara ya nyuma. Ni ndefu, ina matope, akaacha. Sasa hupita palepale, kichwa chini, na wakimwamkia huwaitikia.

Kazi chache anazopata bado anazifanya. Anavuta waya mpaka kwenye mashine ya spika, anaufunga kwa utepe wa gundi, anaukagua mara mbili. Kisha anaweka njiti ya kiberiti katikati ya meno na kuiuma mpaka sherehe iishe. Watu wakimziba, anawaonyesha kwa mkono wasogee.